Mafuta Mshipani: Lishe ya Dripu na Kinga ya Mwili

Wapo watu wasioweza kunufaika na chakula kinachopitia kinywani: mtoto mchanga aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, au mtu mzima ambaye utumbo wake umeacha kufyonza virutubishi. Hawa hulishwa kupitia mshipa mkubwa wa damu ulio karibu na moyo, wengine kwa miezi, wengine maisha yao yote. Makala haya yanaangazia sehemu moja ya lishe hiyo, yaani mafuta, na athari zake kwa kinga ya mwili.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Stanley Dudrick na wenzake mjini Philadelphia, Marekani, walidhihirisha kuwa mtoto mchanga anaweza kukua kwa lishe ya mshipani. Ila Marekani ya wakati huo haikuwa na mafuta salama ya kutia mshipani, kwani yale ya mbegu za pamba yalikuwa yameondolewa kutokana na madhara yake. Wagonjwa waliolishwa sukari na protini bila mafuta walitoka magamba ngozini, nywele zikanyonyoka, vidonda vikakawia kupona. George na Mildred Burr walikuwa wameandika kuhusu dalili za namna hiyo kwa panya walionyimwa mafuta, mnamo 1929. Sababu ni kwamba mwili hauwezi kujiundia asidi ya linoleiki wala ya alfa-linoleniki. (Msomaji asitishwe na neno asidi, ambalo wengine huliita tindikali: hapa halimaanishi kitu cha kuunguza, bali viungo vinavyounda mafuta yenyewe.)

Ufumbuzi ulitoka Uswidi, alikokuwa Arvid Wretlind. Yeye alichanganya mafuta ya soya na viini vya mayai yaliyosafishwa, yakawa matone madogo mno yasiyoziba mishipa. Marekani iliyaidhinisha mwaka wa 1975.

Hata hivyo, takriban nusu ya mafuta ya soya ni asidi ya linoleiki, ya jamii ya omega-6. Mwilini hugeuzwa kuwa asidi ya arakidoniki, ambayo hukaa katika utando wa chembe nyeupe za damu. Chembe hizo zikichokozwa, vimeng'enya huikata na kuunda prostaglandini E2, iwezayo kudumaza chembe T, na leukotrieni B4, inayoita askari wengine na kuchochea uvimbe. Asidi za omega-3, zipatikanazo kwa wingi katika mafuta ya samaki, hugombea vimeng'enya hivyo hivyo, na mazao yake ni mapole zaidi. Kwa hiyo aina ya mafuta huamua namna kinga inavyopigana, na namna inavyotua silaha.

Kwa mgonjwa wa dripu jambo hili ni la kufa na kupona, kwa kuwa mpira uliomo mshipani ni mlango wa vijidudu. Mwaka wa 1997 watafiti wa California waliripoti kuwa majeruhi walionyimwa mafuta kwa siku kumi za kwanza walipata maambukizi machache kuliko waliopewa. Lakini majeruhi hao walipata pia nishati kidogo zaidi, hivyo si haki kuyatwika mafuta ya soya lawama yote. Isitoshe, utumbo usiotumika hudhoofisha tishu za kinga zilizomo humo, mafuta yawe ya aina yoyote.

Ini nalo huumia. Mafuta ya soya yana fitosteroli, zinazohusishwa na kukwama kwa nyongo kwa watoto. Mwaka wa 2018 Marekani iliidhinisha mafuta ya samaki matupu kwa watoto wenye tatizo hilo. Miaka miwili kabla yake, ilikuwa imeidhinisha kwa watu wazima mchanganyiko wa soya, zeituni, samaki na mafuta ya minyororo ya wastani.

Kwa vile mafuta ya samaki yana linoleiki kidogo mno, madaktari hupima damu. Linoleiki ikipungua, mwili huunda asidi ya Mead kama mbadala. Uwiano wake na arakidoniki ukizidi 0.2, huwa ni ishara ya upungufu, nao ukizidi kupanda, mafuta hubadilishwa au kuongezwa.