Nzi wa maembe: harufu ndiyo inasema nani ni ndugu ya nani



Kila msimu wa maembe watu wananiuliza swali moja: "Wewe uliyesoma agronomi, juu ya nini embe inaonekana nzuri inje, lakini ukiipasua unakuta funza ndani?" Jibu fupi: ni nzi wa matunda. Jike anatoboa ganda, anataga mayai chini yake, na funza wanakula tunda toka ndani. Ndiyo maana dawa ya kupuliza juu ya ganda haiwafikie tena.

Jibu refu linahusu mapenzi ya hao nzi. Musicheke, ni mambo ya franga kabisa.

Mwaka 2003 walikuta nzi mugeni kwenye pwani ya Kenya. Kwa miaka michache akaenea inchi nyingi za Afrika, na yetu pia. Mwaka 2005 wataalamu wakamupa jina la Bactrocera invasiva, maana yake mvamizi. Lakini alifanana sana na nzi wa Asia, Bactrocera dorsalis. Na dorsalis mwenyewe alikuwa tayari na "wadogo" watatu waliopewa majina mwaka 1994: papayae, philippinensis na carambolae. Majina tano, sura karibu moja. Rangi za mugongo zinabadilika hata kwa nzi wa shamba moja, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi.

Sasa, jina linabadilisha nini? Mingi. Inchi ikisikia kwamba kwako kuko nzi ambaye kwake hayuko, inafunga mulango: karantini, matunda yako hayaingie. Na kama nzi wako ana jina la pekee, utafiti wote wa Asia juu ya dorsalis, watu watasema haukuhusu, anza upya.

Watafiti wakaamua kuwauliza nzi wenyewe. Namna gani? Unachukua madume na majike wa makundi mawili, unawaweka ndani ya kibanda cha wavu chenye muti katikati, unangoja magaribi. Ni saa hiyo ndiyo dorsalis wanaoana: madume wanakusanyika kwenye majani, wanapepea mabawa, wanatoa harufu, majike wanakuja kuchagua. Wewe unahesabu nani amemukamata nani. Kama ni spishi moja, wanachanganyika bila ubaguzi. Kama ni mbili, kila mutu anatafuta wa kwao.

Matokeo: dorsalis, papayae, philippinensis na invasiva walichanganyika, na watoto wao wakazaa vizuri. Lakini carambolae, mara nyingi alichagua wa kwake.

Kemia nayo ikasema vile vile. Kuko kitu kinaitwa methili eujenoli, kinapatikana ndani ya mimea mingi. Tangu mwaka 1915, kule India, F. M. Howlett alionyesha kwamba kinavuta madume wa nzi hawa. Dume hakitafute juu ya njaa. Anakikula, mwili wake unakigeuza, anakiweka kwenye tezi ya nyuma, na magaribi anakitoa kama marashi. Dume aliyekikula anapata majike kupita yule ambaye hakukula. Sasa angalieni: kwa dorsalis, papayae na invasiva, methili eujenoli inageuka kuwa feromoni mbili. Kwa carambolae inakuwa moja tu. Chakula ni kimoja, marashi ni tofauti.

Basi mwaka 2015 wataalamu wakaunganisha yale majina mane kuwa moja: Bactrocera dorsalis. Carambolae akabaki peke yake. Yule "mvamizi" wetu, kumbe ni dorsalis aliyesafiri.

Kwa sisi wa shamba, hapo kuko mambo matatu ya kushika.

La kwanza: njia ya kuachilia madume tasa, wale waliopigwa mionzi ili wasizalishe. Inafanya kazi tu kama majike wa porini wanawakubali. Ukileta dume wa spishi ingine, majike watamupita tu, na franga zimekwenda bure.

La pili: mutego wa methili eujenoli unakamata madume, si majike, na ni jike ndiye anatoboa embe. Kwenye kisiwa cha Rota, katika Pasifiki, waliweza kumaliza dorsalis miaka ya 1960 kwa kutupa vipande vyenye methili eujenoli na sumu, mpaka majike wakakosa madume. Lakini Rota ni kisiwa kidogo. Kwetu, ukiua madume wako leo, kesho wanatoka kwa jirani. Kwa hiyo mutego ule ni mupelelezi, si askari peke yake. Ongeza chambo cha protini, kwa sababu jike anahitaji protini kwa kukomaza mayai. Na kila siku okota matunda yaliyoanguka, uyafunge ndani ya mufuko wa plastiki kwenye jua, funza wafie humo mbele hawajaingia udongoni.

La tatu: mutego ukiwa mutupu, usiseme shamba ni safi. Ceratitis cosyra, nzi wa maembe wa hapa kwetu Afrika tangu zamani, havutwe na methili eujenoli. Yeye ana harufu zake.

Wale wanaotafuta suje ya TFC, iko hapa: mitego ya harufu mbili, shamba moja, msimu muzima, na kuhesabu. Bei yake ni ndogo, na mwenye maembe atakushukuru kujua ni nani anamukulia mavuno.