Rangi za maji: shule ya mstaafu asiye na mwalimu

Mstaafu wengi hapa kwetu hubaki na siku ndefu na pesa kidogo. Uchoraji wa rangi za maji haumdai mengi: glasi mbili za maji, brashi moja, karatasi nzito na rangi tatu, yaani nyekundu, njano na buluu.

Kwamba unaweza kujifunza bila chuo, historia ya Kongo inaonyesha. Mwaka wa 1926, huko Bukama, Katanga, Mbelgiji Georges Thiry aliona michoro kwenye kuta za nyumba, akawatafuta waliochora. Akampa Albert Lubaki, mchongaji wa pembe za ndovu, karatasi na rangi za maji. Mwaka wa 1929 kazi zake zilionyeshwa Bruxelles. Mkewe Antoinette naye alichora. Mwaka wa 2015 picha zao zilitundikwa Paris, katika maonyesho ya Beauté Congo.

Kinachowashinda wanaoanza ni maji. Yakizidi, rangi hutambaa. Yakipungua, brashi huacha michirizi mikavu. Weupe nao ni ule wa karatasi: ukishaufunika, ni vigumu kuurudisha. Kwa hiyo anza na rangi hafifu, ngoja ikauke, ndipo uweke nzito. Karatasi ya daftari hujikunja. Ya gramu 300 huvumilia.

Mtu aliyeharakishwa kazini miaka 30 hujifunza hapa kungoja. Picha 20 za kwanza zikiharibika, asizitupe. Azipange kwa tarehe, aone mkono wake unavyobadilika.