Redio Chini ya Ardhi

Ami yangu alitoka hapa Changamwe kwenda Migori kuchimba dhahabu. Kila Jumapili nyanya humpigia simu. Akiambiwa mteja hapatikani, basi siku hiyo nyumbani hakuliki. Ami akija hutucheka: "Mama, nikiwa shimoni hata Rais hawezi kunipata!" Nami nikataka kujua sababu.

Nilichukua redio ndogo ya betri, nikaitia ndani ya sufuria kubwa ya nyanya, nikafunika. Wimbo ukakatika, ikabaki ssshhh. Nikafunua, ukarudi. (Sufuria niliirudisha mahali pake kabla hajajua.) Sufuria huyarudisha mawimbi nyuma. Mwamba nao huyanyonya, hasa ukiwa na maji. Na kadiri mawimbi yalivyo mafupi, kama yale ya simu, ndivyo yanavyokufa haraka. Yaliyo marefu sana hupenya ardhi mamia ya mita, lakini yanataka eriali kubwa na hayabebi maneno mengi. Labda ujumbe mfupi wa maandishi tu.

Sasa je, wachimbaji wa makaa ya mawe, ambao hufanya kazi ndani kabisa? Hata jirani zetu Tanzania wana mgodi wa namna hiyo, Kiwira, ulioanza kazi 1988. Katika migodi mingi duniani hutandazwa waya maalumu njia nzima ya pangoni. Ganda lake la chuma limeachwa nafasi ili mawimbi yavuje. Ni kama mfereji uliotoboka: popote unapopita, watu huteka maji. Mchimbaji aliye karibu na waya husema kwa redio yake ya mkononi, akasikika hadi juu. Redio yenyewe hutengenezwa isiweze kutoa cheche, manake makaa hutoa gesi ya methani, na cheche moja tu yatosha kulipua mgodi.

Ubaya ni kwamba paa likianguka waya hukatika, kimya.

Tarehe 2 Januari 2006, mgodi wa Sago huko West Virginia, Marekani, ulilipuka na wachimbaji 13 wakanaswa. Habari za waokoaji zilipitishwa kutoka kinywa hadi kinywa, zikafika juu zimepinduka. Jamaa waliambiwa 12 wako hai, wakashangilia karibu saa tatu. Kumbe 12 ndio waliokufa, amepona mmoja! Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuitaka migodi ya makaa iweke mawasiliano yasiyotegemea waya.

Karibu yetu, Nyangalata, wilaya ya Kahama, wachimba dhahabu watano walitolewa hai mwezi wa Novemba 2015 baada ya siku 41. Huko juu watu walishakata tamaa.

Nilimuuliza ami wao hutumia nini. Akasema kamba. Ukiivuta mara moja, wakutoe. Mara tatu, kuna hatari. Nyanya sijamwambia.