Kiuno cha Inchi Tatu na Robo

Mabaki ya vitenge hayakai kibandani kwangu hapa Temeke. Watoto wa kike huyapitia wakitoka shule: "Shikamoo fundi, naomba kipande cha gauni." Gauni lenyewe ni la mdoli, yule wa plastiki mwenye nywele ndefu za manjano na nyayo zilizosimamia vidole, tayari kwa viatu vya visigino virefu.

Wengi ni wa kuiga, wa kununua Kariakoo, lakini umbo ni la Barbie, aliyeingia sokoni Marekani mwaka 1959. Aliyembuni, Ruth Handler, alimwona binti yake Barbara akicheza na wanasesere wa karatasi na kuwapa maisha ya watu wazima, wakati madukani walijaa wanasesere wachanga wa kulea. Hapo namuunga mkono. Msichana ajiwazie rubani, ajiwazie daktari, si kubeba mtoto tu. Mwaka 1965 Barbie alishavishwa nguo za mwanaanga, miaka 4 kabla binadamu hajakanyaga mwezi.

Kinachonikera ni umbo. Nimempima kwa futi yangu: urefu inchi 11 na nusu, kiuno inchi 3 na robo. Mkuze awe mwanamke wa futi 5 na inchi 5, kiuno hakifiki inchi 19. Mteja wangu mwembamba kabisa ana 24. Na mwaka huohuo wa 1965 aliuzwa Barbie mwenye mizani ndogo iliyosimama kwenye ratili 110, yaani kilo 50, pamoja na kijitabu cha kupunguza uzito kinachomwagiza asile. Huyo ni mchezo wa mtoto!

Mwaka 2006 Helga Dittmar na wenzake walichapisha utafiti wa wasichana 162 wa Uingereza, wa miaka 5 hadi 8. Baadhi walionyeshwa picha za Barbie, wengine za Emme, mwanasesere mnene zaidi, na wengine picha zisizo na mwanasesere. Walioona Barbie, hasa wadogo zaidi, waliridhika kidogo na miili yao na kutamani kuwa wembamba. Nami nimempima mtoto wa darasa la pili gauni la Idi, akabana tumbo na kuniomba nilikaze zaidi. Simlaumu mdoli peke yake; maneno yetu sisi watu wazima kuhusu vitambi na mapaja watoto wanayasikia.

Kampuni inayomtengeneza Barbie yenyewe imebadilika. Mwaka 1980 ilitoa Barbie wa kwanza mweusi mwenye jina hilohilo, kazi ya Kitty Black Perkins, na mwaka 2016 ikaongeza maumbo matatu, mojawapo la nyonga pana. Kwenye meza za machinga ninakopita, hao siwaoni.

Wasichana wangu wanajifunza mengi kwa mdoli huyu, lazima niseme. Wamegundua wenyewe kwamba gauni lifunguke mgongoni, na kitambaa kikatwe kikubwa kuliko mwili kwa ajili ya mshono. Wanamsuka twende kilioni, ingawa nywele za nailoni hufumuka mara moja.

Mzazi akiniuliza, namwambia angoje mpaka mtoto afike miaka 8. Kabla ya hapo namshonea mdoli wa kitambaa cha kahawia, nywele za uzi wa sufu unaoshika msuko, na tumbo nalijaza pamba litokeze. Wapo kina mama wanaonirudishia nilipunguze. Silipunguzi.