Visomo vya Qurani na Wapokezi Wake

Mtu aliyehitimu chuoni hapa pwani, akajaaliwa kufika Fez au Marrakesh na kusimama safuni nyuma ya imamu wa huko, huenda akashtuka kabla Alhamdu haijesha. Kwani pale alipozoea kusikia maaliki kwa alifu ya kuvuta, atasikia maliki iliyo fupi. Na imamu akiendelea na Sura ya Bakara, neno yu'minuna, ambalo mwalimu wa chuo alimfunza kulikata kwa hamza, litapita laini, yuminuna, na neno bushra litamfikia sikioni mwisho wake umeinama kuelekea sauti ya e. Akiwa ni mwepesi wa kuhukumu atadhani imamu amekosea, na pengine atathubutu kumrudi. Kumbe imamu anasoma vilivyo, kama alivyosomeshwa na mwalimu wake, naye na wake, hata wakaishia kwa Warsh, aliyepokea kwa Nafii wa Madina, ambaye sanadi yake inapanda mpaka kwa masahaba na kwa Mtume mwenyewe, sala na amani zimshukie.

Yafaa tubainishe mapema kwamba tofauti hizi si za mahadhi. Wako wengi ambao, wakisikia visomo saba, hudhani yanayokusudiwa ni madaha ya sauti wayasikiayo kwenye mashindano ya kuhifadhi, bayati na hijazi na nyinginezo. Lakini hizo ni ufundi wa koo, na qari aweza kuzibadili apendavyo bila ya kugusa kisomo. Kisomo ni jambo la herufi, irabu, hamza, mvuto, na mara nyingine neno zima, wala hapana mtu mwenye ruhusa ya kukizua kwa rai yake, kwa sababu kisomo hupokewa, hakitungwi.

Asili ya jambo hili imesimuliwa katika vitabu sahihi vya Hadithi. Sayyidna Umar alimsikia Hisham bin Hakim akisali kwa Sura ya Furqan, akiisoma kwa namna ambayo yeye Umar hakufunzwa, naye nusura amrukie ndani ya sala. Akastahamili mpaka Hisham alipotoa salamu, ndipo alipomkamata kwa nguo yake shingoni na kumpeleka kwa Mtume. Mtume akawasikiliza wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akamwambia kila mmoja kwamba ndivyo ilivyoteremshwa, na kwamba Qurani imeteremshwa kwa harufu saba. Nini hasa zilizo harufu hizo, maulamaa wamekhitalifiana khitilafu ndefu. Ila mtu asichanganye harufu saba za Hadithi na visomo saba vya wanazuoni, maana hesabu zimegongana tu, na mambo ni mawili.

Baada ya Mtume kufariki, na masahaba kutawanyika katika miji, kila mji ulishika kisomo cha sahaba aliyeukalia, hata Hudhaifa bin al-Yaman, aliporudi kutoka vita vya Armenia na Azerbaijan, akamwendea Khalifa Uthman kwa hofu kwamba watu watagombana juu ya Kitabu chao. Uthman akamwagiza Zaid bin Thabit na wenziwe wanakili kutokana na kurasa zilizokuwa kwa Bibi Hafsa, na nakala zikapelekwa katika miji mikubwa ya Waislamu. Hati ya zama hizo haikuwa na nukta wala irabu, na alifu nyingi hazikuandikwa. Ndiyo maana sura ile ile ya maandishi, katika Sura ya Zukhruf, ikabeba ibadu, yaani waja wa Mwenyezi Mungu, na inda, yaani walio kwake. Lakini haikuwa kwamba watu waliitazama hati wakabuni wasomavyo, kama baadhi ya wataalamu wa Ulaya walivyopenda kusema. Lau ingelikuwa hivyo, tofauti zingelizagaa kila penye herufi yenye kushabihiana na nyingine, nazo hazikuzagaa. Kinywa kilitangulia, na wino ulifuata kukishuhudia. Hata nakala zenyewe zilikuwa na tofauti chache zilizoandikwa makusudi: katika aya ya 100 ya Sura ya Tawba, msahafu wa Makka una neno min ambalo misahafu ya miji mingine haina, na mpaka leo asomaye kwa Ibn Kathir wa Makka hulitamka.

Karne mbili tatu zilipopita, wasomaji walikuwa wamekithiri na njia zimekuwa tele, ndipo alipotokea Ibn Mujahid wa Baghdad, aliyefariki mwaka 936, akachagua saba: Nafii wa Madina, Ibn Kathir wa Makka, Abu Amr wa Basra, Ibn Amir wa Damascus, na watatu wa Kufa, nao ni Asim, Hamza na al-Kisai. Haukuwa uchaguzi wa maneno matupu. Mwenziwe, Ibn Shanabudh, aliyeshikilia kusoma katika sala matamko yasiyoafikiana na hati ya Uthman, alifikishwa mbele ya waziri Ibn Muqla mwaka 935, akapigwa mpaka akatubu. Na mimi siupendi mjeledi katika mambo ya ilimu, japo nakiri kwamba mpaka uliokuwa ukilindwa ulihitaji kulindwa. Baadaye Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 1429, akathibitisha watatu zaidi, wakatimia kumi, na akaieleza vizuri mizani ya kale: kisomo kiwe na sanadi iliyo sahihi, kiafikiane na hati ya Uthman, na kiwe na njia katika Kiarabu. Baina ya zama za Ibn Mujahid na za Ibn al-Jazari alikuwapo ash-Shatibi wa Andalusia, kipofu aliyefia Cairo mwaka 1194, ambaye alivitia visomo saba katika kasida ya beti 1,173, akifanya herufi za abjadi kuwa alama za majina ya makari na wapokezi wao. Na watu wa pwani, ambao wametia fikihi na sira ndani ya tenzi ili zihifadhike, hawatastaajabu kusikia kwamba wanafunzi bado wanaihifadhi.

Kila kari katika hao alikuwa na wanafunzi, na riwaya mbili mbili ndizo zilizoshika. Nafii, aliyekuwa mweusi wa rangi na asili yake Isfahan, alipokewa na Warsh, aliyefunga safari kutoka Misri kwa ajili yake, na Qalun wa Madina, ambaye inasimuliwa kwamba alikuwa kiziwi, akimtambua mwanafunzi aliyekosea kwa kuitazama midomo yake. Asim alipokewa na Shu'ba na Hafs. Na huyo Hafs, aliyefariki mwaka 796, ndiye ambaye sisi wa Afrika ya Mashariki, pamoja na Waislamu wengi mno duniani, tunasoma kwa riwaya yake bila hata kumjua jina.

Sasa faida yake ni nini? Sehemu kubwa ya tofauti hizi ni za matamshi, na maana haisogei. Lakini ziko ambazo fakihi hawezi kuzipita. Katika aya ya udhu, ya 6 katika Sura ya Maida, Nafii, Ibn Amir, al-Kisai na Hafs wanasoma arjulakum kwa fat-ha, miguu ikaunganishwa na nyuso na mikono inayooshwa. Ilhali Ibn Kathir, Abu Amr, Hamza na Shu'ba wanasoma arjulikum kwa kasra, ikaelekea kichwa kinachopakwa maji. Mashia Imamia wakaishika maana ya kupaka. Masunni wakasema kuosha ndiyo hukumu, kwa ushahidi wa Hadithi, na wengine wao wakaichukua kasra kuwa ni ya mwenye kuvaa khufu za ngozi miguuni, anayepaka juu yake. Vivyo hivyo katika Bakara, aya ya 222, juu ya kumwendea mwanamke aliye katika hedhi, yathurna ni kukatika kwa damu, na yattahharna, kama wasomavyo Shu'ba, Hamza na al-Kisai, ni kujitwaharisha kwa maji. Imamu Shafii akashurutisha josho, na Abu Hanifa akavitumia visomo viwili kwa hali mbili, akiruhusu kabla ya josho ikiwa hedhi imetimiza siku kumi. Kisomo kimoja chamfasiri mwenziwe, au chamwongezea hukumu, na aya moja ikafanya kazi ya mbili.

Kwamba Hafs ameenea leo si dalili ya kuwa yeye ni sahihi kuliko wengine. Zama za Ibn al-Jazari kisomo kilichoshika Sham, Hijazi, Yemen na Misri kilikuwa cha Abu Amr, ambacho hata sasa kwa riwaya ya ad-Duri kingali hai Sudan. Waliompandisha Hafs ni dola ya Waturuki, kisha matbaa: msahafu uliochapishwa Cairo mwaka 1924, katika enzi ya Mfalme Fuad, ulisambaa kote na kuwa kigezo, na hapo wino, uliokuwa mfuasi, ukaanza kuwaongoza watu. Na huyo huyo Hafs ametubakishia athari ya wenziwe vinywani mwetu, kwani neno majreha katika Sura ya Hud, ambalo kila mtoto wa chuo huambiwa alitamke kwa e, ndipo mahali pekee alipoisoma imala ambayo Hamza na al-Kisai wanaisoma kila mara.

Anayetaka kuona kwa macho na aufungue msahafu wa Morocco. Fa ina nukta chini, qafu ina nukta moja juu, na jumla ya aya ni 6,214 kwa hesabu ya Madina, badala ya 6,236 za Kufa tulizozizoea. Bismillahi ya Alhamdu haikuhesabiwa kuwa ni aya, na aya ya mwisho imekatwa mara mbili ili saba zitimie. Kwa watu wa Makka bismillahi ni aya, na Imamu Shafii, aliyejifunza Qurani Makka kwa sanadi ya Ibn Kathir, aliona hivyo pia. Ndiyo sababu maimamu wa pwani wanaidhihirisha kwa sauti, na wa Maghribi, wafuasi wa Malik, hawaisomi.

Mwenye kutaka visomo vyote humwendea sheikh mwenye ijaza, akasoma aya moja kwa kila njia kabla ya kuhamia ya pili, na khitima moja ya namna hiyo huweza kuchukua miaka. Kwa wasioweza kusafiri, Sheikh Mahmud Khalil al-Husary wa Misri alirekodi Qurani nzima kwa Hafs mwaka 1961, kisha kwa Warsh, na baadaye kwa Qalun na ad-Duri. Ila maulamaa wamemkataza imamu kuwasomea watu wa kawaida kisomo wasichokijua, wasije wakakikanusha wakaingia dhambini. Kwa hiyo qari mwenye kumi zote, akitangulizwa kusalisha tarawehe Tanga au Lamu, husoma Hafs mwanzo hadi mwisho, na Warsh akamwekea mwanafunzi atakayekuja kumuuliza.