Senti 75 zilizomfichua mdukuzi

Hebu fikiria: hesabu za kompyuta ya ofisini zimepishana kwa senti 75 tu. Ungehangaika nazo?

Clifford Stoll alihangaika. Mwaka 1986 mwanaastronomia huyu alikuwa akisimamia kompyuta za maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, ambako watumiaji walitozwa kwa muda wa mashine. Kumbe kuna mtu ametumia muda kidogo bila kulipa.

Aliingiaje? Programu moja ya kuhamisha barua pepe ilikuwa imepewa mamlaka kupita kiasi. Mgeni akaitumia kupenyeza faili lake kwenye eneo la msimamizi, basi akawa bosi wa mashine nzima. Kwingine alijaribu tu nywila za kiwandani ambazo hakuna aliyejisumbua kuzibadilisha.

Kumkamata ndiyo ilikuwa shughuli. Alama zake zilielekea Hannover, Ujerumani Magharibi, na huko mitambo ya simu ilikuwa ya zamani: fundi alilazimika kufuatilia laini mwenyewe, na jamaa hakai hewani muda mrefu. Stoll akatega chambo, mafaili ya uongo kuhusu mradi wa kijeshi wa Marekani. Jamaa akanogewa, akakaa kusoma, laini ikapatikana. Alikuwa Markus Hess, aliyekuwa akiiuzia KGB ya Wasovieti taarifa. Stoll alisimulia yote kwenye kitabu chake cha mwaka 1989, The Cuckoo's Egg.

Sasa itazame ruta yako ya nyumbani. Je, nywila yake bado ni ileile iliyokuja nayo kwenye boksi? Mlango alioupitia Hess bado uko wazi kwako.