Lori la Mafuta Likipinduka, Umbali Ndio Kinga ya Kwanza

Wakazi wa Hale wilayani Korogwe, pamoja na wenzao wa Segera wilayani Handeni, wanaishi kando ya barabara kuu inayopitisha malori ya mafuta yatokayo katika mji wa bandari wa Tanga. Lori la aina hiyo linapopata ajali, uamuzi wa dakika chache za mwanzo ndio unaookoa maisha au kuyapoteza.

Agosti 10, 2019, lori la petroli lilipinduka eneo la Msamvu, Manispaa ya Morogoro. Watu walikusanyika kuchota mafuta yaliyokuwa yakimwagika, kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Maafa kama hayo yalikwisha kutokea Sachangwan, nchini Kenya, Januari 31, 2009.

Kinachoshika moto kwanza si mafuta yanayoonekana, bali mvuke wake usioonekana. Petroli hutoa mvuke hata wakati wa baridi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Hutambaa ardhini, hujikusanya mitaroni na mabondeni, na waweza kuufikia moto ulio mbali na lori. Sigara, jiko la mkaa la mama lishe, injini ya bodaboda au cheche ya betri hutosha kuulipua. Kwa hiyo, kutoonekana kwa moto si dalili ya usalama.

Ajali inapotokea, wananchi wanapaswa kuzingatia yafuatayo:

1. Kuondoka mara moja kuelekea upande unakotoka upepo, na penye mwinuko. Miongozo ya kimataifa inashauri kukaa angalau mita 50 kutoka kwenye petroli iliyomwagika, na mita 800 iwapo tangi linaungua.

2. Kuzima majiko na sigara, na kutowasha chombo chochote cha moto kilicho karibu na eneo hilo.

3. Kupiga simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, au Polisi kwa namba 112, mkiwa mbali na mafuta. Taja mahali, idadi ya waliokwama, na namba iliyo kwenye kibao cha lori ikiwa inasomeka kwa mbali. Namba 1203 humaanisha petroli. 1202 humaanisha dizeli.

4. Kutomwagia maji petroli inayoungua. Petroli huelea juu ya maji na husambaza moto. Askari wa zimamoto hutumia povu maalumu.

5. Aliyelowa petroli avue nguo na kuoga kwa maji mengi, mbali na moto. Aliyeshika moto alale chini na kujiviringisha. Jeraha la moto lipozwe kwa maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila kupakwa mafuta wala dawa ya meno, kisha afikishwe kituo cha afya.

Kwa kuwa Mto Pangani unapita Hale, mafuta yakiingia mitaroni uongozi wa kijiji uarifiwe haraka, ili wananchi wa upande wa chini wa mto wasiteke maji.

Madereva wa bodaboda, mama lishe na viongozi wa vitongoji ndio hufika kwanza kwenye ajali za barabarani. Wao ndio wenye nafasi ya kuwaondoa watu kabla umati haujakusanyika. Dumu la petroli halilingani na uhai wa mtu hata mmoja.